Miji Pacha, Kulwa na Doto: Je, "sasa" ya New Hope ndiyo "sasa" ya nyumbani?

Nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein hufundishwa kama somo la fizikia. Hata hivyo, chini ya msingi wake limelala swali ambalo kila anayeishi mbali na kwao amewahi kujiuliza: jambo lile lilipotokea kule, huku ilikuwa wakati gani?

Kaskazini-magharibi mwa jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao New Hope, yaani Tumaini Jipya. Zamani palikuwa mahali pa mashamba. Mwaka 1936 wakulima wa hapo walijitenga na Crystal, mji jirani, wakaunda utawala wao wenyewe, na mwaka 1953 New Hope ikaandikishwa rasmi kuwa kijiji chenye serikali yake. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi karibu 22,000. Katika vitongoji vya upande huo wa Minneapolis wamehamia pia Waafrika Mashariki wengi, wakiwemo Wakenya, na Kiswahili husikika madukani, makanisani, misikitini na zaidi kwenye simu.

Chukulia mfano wa mama mmoja anayefanya kazi ya kuwatunza wazee. Ni mwezi wa Januari, baridi ni kali, na simu inalia kutoka Nairobi. Kaka yake anamwambia: "Pole sana, dada. Mama ametutoka saa tisa usiku." Baada ya machozi ya kwanza, mama huyu anafanya jambo ambalo wengi walio ughaibuni wamelifanya: anahesabu kwa vidole. Majira ya baridi, New Hope iko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Kwa hiyo saa tisa usiku ya Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili jioni ya New Hope. Wakati huo alikuwa nje, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. "Mama alipokuwa akikata roho," anajiambia, "mimi nilikuwa nakwangua barafu."

Sentensi hiyo ni ya huzuni, na haielekei kuwa ya kifizikia. Lakini ndani yake mna dai kubwa kuhusu ulimwengu: kwamba matukio mawili, yaliyotenganishwa na takriban kilomita 13,000, yalitokea kwa wakati mmoja. Je, dai hilo ni ukweli wa maumbile, au ni mapatano tu ya wanadamu? Swali hilo ndilo lililozaa nadharia ya uhusianifu mwaka 1905, na wanafalsafa wanaendelea kuligombania hadi leo.

Yapo mambo ya wakati ambayo ni mapatano matupu, na hakuna anayebisha. Msemaji wa Kiswahili analijua hilo kuliko wengi, kwa sababu saa zake huhesabiwa tangu macheo na machweo, si tangu usiku wa manane. Hesabu hiyo inafaa sana karibu na ikweta, ambako jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Ikipelekwa New Hope hutatanisha. Mwezi wa Juni jua huzama huko saa tatu za usiku zikiwa zimekwisha timia, na mwishoni mwa Desemba huchomoza ikikaribia saa mbili asubuhi. Jua halikukosea, wala saa haikukosea. Ni mapatano ya mahali pamoja yaliyohamishiwa mahali pengine.

Minneapolis na jirani yake Saint Paul huitwa Miji Pacha, na pacha hao wana kisa chao cha saa. Mwezi Mei mwaka 1965, Saint Paul iliamua kusogeza saa zake mbele kwa saa moja, kama ilivyo desturi ya majira ya joto, mapema kuliko tarehe iliyowekwa na sheria ya jimbo. Minneapolis ilikataa, ikabaki na tarehe ya sheria. Kwa muda wa wiki mbili miji hiyo miwili, ambayo mipaka yake inagusana, ilihitilafiana kwa saa nzima. Mtu aliyetoka Minneapolis saa tatu kamili, akavuka kwenda Saint Paul, alifika saa nne na dakika zake. Mwaka uliofuata, 1966, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinganisha saa nchini kote.

Jambo la kuzingatia ni hili: katika wiki hizo mbili hakuna mkazi wa Saint Paul aliyezeeka kwa saa moja zaidi ya jirani yake wa Minneapolis. Zilihitilafiana namba zilizoandikwa kwenye nyuso za saa, na wakati wenyewe haukuguswa. Kabla ya mwaka 1905 karibu kila mtu aliamini kwamba, ukiyaondoa mapatano ya namna hiyo, chini yake utaukuta wakati mmoja wa kweli, unaokwenda sawasawa kila mahali, na "sasa" moja inayoushika ulimwengu mzima. Isaac Newton alikuwa amefundisha hivyo tangu mwaka 1687.

Einstein, aliyekuwa karani katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, aliuliza swali linaloonekana la kitoto. Kama kuna saa mbili mahali pawili palipo mbali, utajuaje kwamba zinakwenda pamoja? Huwezi kuzitazama zote mbili papo hapo. Itabidi upeleke habari kutoka moja hadi nyingine, na habari ya haraka kuliko zote ni mwanga, unaokwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Einstein alipendekeza utaratibu: peleka mwanga, urudishwe kwa kioo, kisha gawa muda wa safari nzima kwa mbili. Nusu ni ya kwenda, nusu ni ya kurudi.

Lakini nani amesema kwamba nusu hizo ni sawa? Mabaharia wa pwani ya Waswahili wangeliona tatizo hili upesi. Jahazi lililotoka Muscat kwenda Zanzibar lilisukumwa na upepo wa kaskazi, na lililorudi lilingoja kusi. Mtu wa Muscat aliyejua tu siku jahazi lilipoondoka na siku liliporejea hakuweza kugawa muda huo kwa mbili na kusema kwa hakika ni siku gani lilitia nanga Zanzibar. Kwa jahazi kuna njia ya kutoka: nahodha huandika tarehe alizofika, kwa sababu kalenda ya Zanzibar na ya Muscat zimekwisha linganishwa. Kwa mwanga njia hiyo imezibwa. Ili kupima mwendo wa mwanga wa upande mmoja tu, unahitaji saa mbili zilizokwisha linganishwa. Na ili kuzilinganisha saa hizo, unahitaji kujua mwendo wa mwanga wa upande mmoja. Ni duara lisilo na mlango.

Einstein alilijua hilo, na katika maandishi yake ya mwaka 1905 alikiri kwamba usawa wa nusu mbili hizo aliuweka kwa tafsiri, hakuupata kwa kipimo. Mwanafalsafa wa Kijerumani Hans Reichenbach aliichukua hoja hiyo katika miaka ya 1920 na kuisukuma hadi mwisho. Alisema kwamba tukio lolote linaloangukia kati ya kuondoka na kurudi kwa mwanga laweza, kwa mapatano, kuitwa la wakati mmoja na tukio la mbali, bila ya kuvunja sheria yoyote ya maumbile.

Hapo ndipo Miji Pacha inaporudi katika habari hii, kwa mlango mwingine. Mwaka ule ule wa 1953, New Hope ilipokuwa ikiandikishwa kuwa kijiji, mwanafalsafa Herbert Feigl alianzisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, kituo cha falsafa ya sayansi. Feigl alizaliwa mwaka 1902 huko Reichenberg, mji ambao leo unaitwa Liberec katika Jamhuri ya Czech. Alikuwa mwanafunzi wa Moritz Schlick mjini Vienna, na mwenyewe alikuwa mhamiaji aliyeivuka bahari kabla ya vita vikuu vya pili. Kituo chake kilikuwa cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani, na misingi ya nadharia ya uhusianifu ilijadiliwa humo kwa miongo mingi. Kitabu cha tatu katika mfululizo wa machapisho yake, kilichotoka mwaka 1962, kilibeba makala ndefu ya Adolf Grünbaum, mtetezi mkubwa wa rai kwamba vipimo vya nafasi na wakati vina mapatano ndani yake. Kitabu cha nane, cha mwaka 1977, kilihusu misingi ya nadharia za nafasi na wakati peke yake. Mmoja wa wahariri wake alikuwa John Earman, aliyefundisha Minnesota kabla ya kuhamia Pittsburgh.

Mwaka huo huo wa 1977 mwanafalsafa mwingine wa Marekani, David Malament, alitoa hoja ya kihisabati iliyowatikisa wafuasi wa Reichenbach. Alionyesha kwamba ukianza na mambo mawili tu, yaani njia ya mtazamaji mmoja asiyeongeza wala kugeuza mwendo wake, na mpangilio wa matukio gani yaweza kuathiri mengine, basi utaratibu wa Einstein wa kugawa kwa mbili ndio pekee unaochipuka humo. Wapo waliosema kwamba mjadala umekwisha. Wapo waliojibu kwamba Malament ameyaingiza mapatano kwa mlango wa nyuma. Hukumu ya mwisho bado haijatoka.

Pande zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana juu ya jambo moja: si kila kitu katika wakati ni mapatano. Ili kulielewa hilo, yafaa kuiacha Miji Pacha na kuwaendea pacha wa kweli. Katika Usukuma na Unyamwezi, nchini Tanzania, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, na anayefuata huitwa Doto. Tuseme Kulwa anapanda chombo kiendacho kwa mwendo wa thuluthi mbili na zaidi, au kwa usahihi sehemu nne kati ya tano, za mwendo wa mwanga. Anakwenda mbali, anageuka, anarudi kwa mwendo ule ule. Kwa kalenda ya Doto aliyebaki Tabora imepita miaka kumi. Kwa saa ya Kulwa, kwa mapigo ya moyo wake na kwa mvi zake, imepita miaka sita tu. Kulwa alitangulia kuzaliwa, na sasa Doto amemzidi umri kwa miaka minne. Wazee wa ukoo wangepata kazi ya kuamua nani amwamkie nani.

Hapa hakuna namba iliyosogezwa kwenye uso wa saa. Pacha hao wamesimama pamoja, bega kwa bega, na tofauti inaonekana kwa macho. Wala si ndoto ya vitabuni. Mwezi Oktoba mwaka 1971 wanasayansi wawili wa Marekani, Joseph Hafele na Richard Keating, walizizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za kawaida za abiria. Zilizokwenda upande wa mashariki zilirudi zimechelewa kwa takriban sehemu 59 za bilioni ya sekunde, na zilizokwenda upande wa magharibi zilirudi zimetangulia kwa takriban sehemu 273 za bilioni ya sekunde, zikilinganishwa na zilizobaki nyumbani.

Hata kimo cha mahali kina athari. Kwa nadharia ya jumla ya uhusianifu, ambayo Einstein aliikamilisha mwaka 1915, saa iliyo juu huenda haraka kidogo kuliko iliyo chini. Saa mbili zilizo sawa kabisa, moja kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na nyingine ufukweni Dar es Salaam, zingehitilafiana kwa takriban sehemu 20 za milioni ya sekunde kila mwaka. Setilaiti zinazoziongoza simu na magari barabarani hutangulia kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Wahandisi wasingelirekebisha hilo, dereva wa New Hope angeoneshwa njia isiyo yake, na kosa lingeongezeka kwa kilomita kadhaa kila siku.

Kwa hiyo kuna mizani mbili. Katika mzani wa kwanza upo wakati unaolinganisha mahali na mahali: huo una mapatano ndani yake, na watu wanabishana ni mengi kiasi gani. Katika mzani wa pili upo wakati ambao kila mmoja anaubeba safarini mwake mwenyewe, pamoja na utaratibu wa chanzo kutangulia tokeo lake: huo hauna mapatano. Hakuna mtazamaji, hata akienda kwa kasi gani, atakayeona mavuno yakitangulia mbegu.

Lakini swali zito zaidi bado linangoja. Ikiwa "sasa" ya ulimwengu mzima haipo, je, kesho imekwisha kuwapo? Hoja yenyewe huelezwa hivi. Kundi la nyota la Andromeda liko umbali ambao mwanga huchukua takriban miaka milioni mbili na nusu kuufikia. Kwa hesabu ya Einstein, mtu aliyeketi na mtu anayetembea kwa miguu kuelekea upande huo huhitilafiana kwa takriban siku nne kuhusu kinachotokea Andromeda "sasa hivi". Kwa aliyeketi, jambo fulani huko halijatokea. Kwa anayetembea, limekwisha tokea. Mwaka 1966 C. W. Rietdijk wa Uholanzi, na mwaka 1967 Hilary Putnam wa Marekani, walihitimisha kwamba ya kesho ni halisi sawa na ya jana, kama kurasa za kitabu kilichokwisha pigwa chapa.

Katika nchi za Kiswahili rai hiyo si ngeni. Kuna wasemao kwamba ajali haina kinga, na kila jambo lina siku yake iliyoandikwa. Kuna pia wasemao kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lugha imezibeba methali zote mbili kwa karne nyingi bila ya kulazimisha moja imfukuze mwenzake. Mwanafalsafa Howard Stein alimjibu Putnam mwaka 1968 kwa kusema kwamba kosa liko mwanzoni mwa hoja. Wanaoiacha "sasa" ya ulimwengu mzima, alieleza, hawana haki ya kuitumia tena kwa siri wanaposema kwamba jambo la mbali "limekwisha tokea". Kwa mtu aliye mahali fulani, yaliyokwisha kuamuliwa ni yale tu ambayo habari zake zingeweza kumfikia. Mengine bado yako wazi kwake. Kwa maoni hayo, nadharia ya uhusianifu haithibitishi kwamba majaaliwa yamekwisha andikwa, wala haikanushi. Anayetaka kuikimbilia imani yake au kuikana, asiitwishe fizikia mzigo huo.

Einstein mwenyewe alivutwa huku na huku. Mwezi Machi mwaka 1955 alifariki rafiki yake wa ujanani, Michele Besso, ambaye ndiye mtu pekee aliyeshukuriwa katika yale maandishi ya mwaka 1905. Katika barua ya rambirambi kwa jamaa wa marehemu, Einstein aliandika kwamba kwa wenye kuiamini fizikia, tofauti kati ya wakati uliopita, uliopo na ujao ni njozi tu, ingawa ni njozi ing'ang'aniayo. Alikuwa mgonjwa alipoiandika, na yeye mwenyewe alifariki tarehe 18 Aprili, baada ya takriban mwezi mmoja. Lakini Rudolf Carnap, aliyekuwa mwenzake Feigl tangu siku za Vienna, alisimulia kwamba Einstein aliwahi kumwambia kuwa suala la "sasa" lilimsumbua sana. "Sasa" ina maana ya pekee kwa mwanadamu, alisema, na fizikia haina mahali pa kuiweka. Carnap hakuona tatizo hapo, ila Einstein aliliona.

Na yule mama wa New Hope? Je, alikosea alipohesabu kwa vidole? Jibu linaweza kupigiwa hesabu. Mwanga ungehitaji takriban sehemu 43 za elfu ya sekunde kusafiri juu ya uso wa dunia kutoka Nairobi hadi New Hope. Kwa hiyo, hata mtu akifuata mapatano ya Reichenbach kwa ukamilifu wake, shaka yote kuhusu ni dakika gani ya New Hope iliyokuwa pamoja na pumzi ile ya mwisho ya Nairobi haizidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa wanaoishi duniani pamoja, maumbile yamewaachia "sasa" inayotosha kuomboleza.

Shaka hiyo hukua kadiri umbali unavyokua. Kati ya Dunia na Mirihi hufikia dakika nyingi, na kati ya Dunia na Andromeda ni mamilioni ya miaka. Wanadamu wakija kuishi huko mbali, mtoto wa Mirihi akipata habari za msiba kutoka duniani, hataweza tena kuhesabu kwa vidole na kusema kwa hakika alikuwa akifanya nini mama yake alipokata roho. Atajua tu habari ilimfikia lini, na kwamba kifo kilitangulia habari yake. Lakini aliyeko New Hope hajafika huko. Alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, na mama yake alikuwa akiaga dunia, na mambo hayo mawili yalikuwa ya wakati mmoja.